Milioni Moja na Moja

Vita vilipokaribia upande wetu wa ziwa, mume wangu alinivusha kwanza, yeye akabaki Kilwa, mji wetu wa ziwani, amalize kuuza vitu vya duka. Nilipanga chumba Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, kwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mjane, Mbemba aliyejifunza Kiswahili kwa kununua samaki. Kwetu nilikuwa nimefundisha hesabu sekondari. Hapa nilikausha samaki, na yeye akitoka shule alinisaidia kufukuza kunguru kwenye vichanja.

Siku moja aliniuliza, bila sababu niliyoiona, "Madame, milioni inagawanyika vizuri. Na milioni na moya?"

Nikamwonyesha njia ya mkato. 999,999 hugawanyika kwa tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na thelathini na saba. Yetu inaizidi kwa mbili, kwa hiyo kila moja ya hizo itabakiza mbili. Alifurahi kuona namba tano zimeondoka kwa mara moja. Zilizobaki tulizijaribu kwa makaa ukutani, kwa zamu, tukiruka kila namba inayogawanyika kwa nyingine ndogo. Elfu mara elfu ni milioni, kwa hiyo nilimwambia tusipopata kitu mpaka elfu, basi hakuna kitu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ufukweni kuwauliza waliotoka Kilwa kama wamemwona mume wangu. Hawakumwona. Nilirudi, nikagawanya.

Tulipomaliza tisini na saba, kila mara kikibaki kitu, nilichoka.

"Mama, tuache. Iko premier."

"Njo kusema nini?"

"Haigawanyike na ingine, ila na moya na yenyewe."

"Ulisema mpaka elfu. Hatuyafika."

Niliingia ndani, nikalala. Aliniita baadaye kidogo, kwa sauti ya kawaida. "Madame, haikubakia kitu."

Alikuwa amejaribu mia moja na moja, iliyofuata baada ya kuruka zile zinazogawanyika. Jibu lilikuwa 9,901. Nilizidisha tena, nikitumaini amekosea, na hakukosea. Kilichonijia kwanza kilikuwa hasira. Furaha ilikuja nyuma yake.

"Sasa hii nayo tuigawe?" akauliza, kidole juu ya 9,901.

"Hapana. Yenye ingeigawa hii ingeigawa na ile kubwa. Na mia mara mia inaipita hii, kwa hiyo za chini ya mia zinatosha, na zote tulijaribu."

Alitazama ukuta mzima, safu hadi safu. "Basi hatukupoteza makaa," akasema, akaenda kugeuza samaki.

Mume wangu alifika mvua zilipoanza, kwa mtumbwi wa wachuuzi uliopitia kisiwa cha Chisenga, amekonda, bila mzigo. Nilimwonyesha ukuta. Aliutazama kwa adabu, akaomba maji. Baada ya wiki chache tulihamia Mwansabombwe, akaanza kuuza chumvi na sabuni. Mwalimu alitusindikiza mpaka barabarani, akamweleza mume wangu kwa Kibemba, ambacho mimi nilikuwa nimeanza kukielewa, jambo refu juu ya ukuta ule ambalo hakulielewa, nami sikulitafsiri.