Shungi Kwenye Kofia ya Quirin

Mwishoni mwa Novemba beberu wa mbuzi wa majabali hana habari na chakula. Husimamisha manyoya ya mgongoni ajifanye mkubwa, husugua vichaka kwa tezi za nyuma ya pembe ili wenzake wanuse wajue majike ni wa nani, na akimwona beberu mwingine humfukuza hadi korongoni, wakati mwingine wakaporomoka wote wawili. Egid aliyajua hayo kuliko mtu yeyote wa bonde lile la milimani Styria. Alikuwa mwindaji na mfungaji wa mashungi: huchambua manyoya ya mgongo wa beberu, unywele mmoja mmoja, akayafunga yakawa shungi la kuchomeka kwenye kofia. Ni kazi ya miezi. Mtu mwenye subira hiyo ungedhani hata mapenzi angeyaweza.

Wapi! Miaka kumi na mmoja alikula supu ya madonge ya ini kila Jumapili kwenye mkahawa wa Notburga, mjane, asimwambie lolote zaidi ya kwamba chumvi imetosha. Mara moja tu alijikakamua, akamfungia shungi zuri kuliko yote, ncha zake nyeupe, lililotaka manyoya ya mabeberu sita. Akaliweka juu ya kaunta, akatoka. Kwa hesabu zake, alikuwa ameposa. Notburga alilitundika ukutani, naye Egid akaridhika.

Jumapili moja akakuta ukuta mtupu. Shungi lilikuwa kwenye kofia ya Quirin, mkata mbao wa bonde la pili, aliyejinafasi karibu na jiko.

"Vipi, Egid, kofia imenikaa?"

"Imekukaa."

Notburga akaja mezani kwa Egid, akasimama muda mrefu kuliko kawaida yake. "Supu ikoje?"

"Chumvi imetosha."

"Huna lingine la kuniambia?"

"Hapana."

Egid akaondoka bila kuimaliza supu. Wivu ukamwandama hadi nyumbani. Siku tatu hakula, hakulala, akimwona Quirin hata kwenye kikombe cha kahawa. Siku ya nne akapanda mlimani na bunduki. Atampata beberu mkubwa wa kule juu, atafunga shungi litakalofanya lile la Quirin lionekane ufagio, na Notburga atajuta.

Alitumia ujanja wa wazee. Alijificha nyuma ya ukingo wa mwamba, akatambaa kwa magoti, akiinua na kushusha kofia ili shungi lake tu lionekane. Beberu mwenye wivu hachunguzi. Akiona manyoya yanatikisika, huja mbio kupigana.

Na kweli, ng'ambo ya ukingo manyoya meusi yakainuka, yakashuka, yakasogea. Egid akalenga. Kidole kilikuwa tayari alipoziona zile ncha nyeupe. Kazi ya mikono yake angeijua popote.

Hakushusha bunduki. Kila mtu bondeni angesema ni ajali, pole sana Egid. Alilitamani jambo hilo kwa moyo wote. Kisha akaifungua bunduki, akaitoa risasi iliyokuwa ndani.

"Quirin! Simama, mpumbavu wewe!"

Quirin akainuka, mweupe usoni, mtutu wake bado umemwelekea Egid. "Mungu wangu! Nilishakulenga, nikidhani wewe ndiye beberu!"

Wakakaa juu ya mwamba. Quirin akatoa kichupa cha pombe ya pea, wakapokezana.

"Ulilivaa makusudi kunikomoa," Egid akasema.

"Kanivika Notburga mwenyewe. Alisema, livae Jumapili, tuone kama yule bubu atafungua mdomo. Akaja akakuuliza. Ukamjibu nini?"

Egid akavua kofia, akaiweka magotini.

"Alilia jikoni, ndugu yangu. Halafu akafuta uso, akanijia, akasema: ile posa yako ya mwaka jana, Quirin, nimekubali."

"Nampenda," Egid akasema. Lilimtoka kwa sauti kubwa hata mwenyewe akashtuka. "Nampenda, Quirin. Nampenda mpaka naumwa. Nikiamka ni yeye, nikichambua manyoya ni yeye."

Quirin alimtazama, akafunga kichupa taratibu.

"Ungemwambia hayo Jumapili, ningevua kofia nikaenda zangu. Jana tumeshakwenda kwa padri kuandikisha ndoa."