Mzigo Mzima wa Masale

Baba yangu alikuwa na duka la jumla Kariakoo, la maharage na vitunguu, na mimi nilikuwa nimepanga chumba na mume wangu mitaa michache tu kutoka hapo. Nikipita na kikapu kwenda sokoni, baba hunipa mgongo na kuanza kupanga upya magunia ambayo asubuhi hiyohiyo nilimwona akiyapanga. Dar es Salaam yote ilivyo kubwa, sisi tumebanana mitaa ileile, tunapanga foleni ya sukari duka lilelile, na hatusalimiani. Siku moja kwenye foleni hiyo tulitenganishwa na mama mmoja tu aliyebeba mtoto mgongoni. Yule mtoto akawa ananichekea mimi, kisha anamchekea baba, na baba akamchekea. Nilirudi nyumbani bila sukari, nina hasira.

Kosa langu lilikuwa kuolewa. Mume wangu alitoka Lindi, Mwislamu, akiendesha winchi bandarini, na sisi ni Walutheri wa Kilimanjaro ambao baba alishatuchagulia wakwe kabla hatujaota meno. Tulifunga ndoa bomani, mashahidi wakiwa wafanyakazi wenzake wawili walioomba ruhusa ya kuchelewa kazini. Baba alipopata habari hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nisikanyage tena kihambani kwake, yaani shamba letu la migomba na kahawa kule mlimani ambako ndiko nyumba ilipo. Akarudi kwenye magunia yake.

Mama hakumsikiliza. Yeye alikaa zaidi mlimani, lakini kila alipoteremka Dar alinijia baada ya ibada, anakunywa chai, anakagua sufuria zangu, na kila mara anamaliza kwa maneno yaleyale: "Mpelekee baba yako isale, mwanangu, yaishe."

Isale ni jani. Refu, la kijani kibichi, linaota kwenye mti mwembamba tunaoupanda kuzunguka mpaka wa kihamba na juu ya makaburi. Kwetu, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani moja la isale, naye akishaletewa hawezi kukataa kusamehe. Hata kama ni damu ilimwagika. Ukikataa isale umejitafutia balaa wewe na watoto wako, na kila mtu anajua. Mama alitaka nichukue jani moja tu.

"Mimi sijaua mtu," nilikuwa namjibu. "Nimeolewa. Sipeleki jani."

"Kiburi hicho umekitoa wapi wewe?" mama anasema, huku anajua kabisa kilikotoka.

Mume wangu sikumwambia habari za isale hata siku moja. Niliona nikimwambia atalipeleka. Yeye ni mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Mwaka ule mama akaanza kuumwa mguu. Ulivimba ukakataa kushuka, na barua zikaja kwamba hatoki tena hata kwenda kanisani. Hapo ndipo nilipobanwa. Mama hawezi kuja kwangu, na mimi sina ruhusa ya kuingia uani alikolala. Desemba ilipofika, Wachagga wote wa Kariakoo wakafunga maduka kwenda nyumbani kwa Krismasi, baba akiwa wa kwanza. Mitaa ikabaki kimya, na mimi nikawa nalia nikiosha vyombo, nalia nikifagia. Mume wangu akavumilia wiki nzima, halafu akasema, "Twende. Ukimwona mama yako hata kwa juu ya ua, inatosha."

Mabasi yalikuwa yamejaa. Tulikuwa na pikipiki, tuliyoinunua kwa Mhindi mmoja wa Mchafukoge aliyekuwa anahama nchi, na mume wangu aliipenda kiasi kwamba ikilowa mvua anaifuta kabla hajajifuta mwenyewe. Akatafuta petroli hadi akapata dumu, akalifunga nyuma. Mimi nikavaa suruali yake ndani ya gauni, nikajifunga kitenge juu. Majirani walicheka sana. Nikawaambia wacheke, wakichoka wanitazamie kuku.

Safari yenyewe, nikisema sikuifurahia nitakuwa mwongo. Kwao mume wangu ni pwani, mlima alikuwa anausikia tu. Tulipofika Mombo akaiona milima ya Usambara imesimama juu yetu, akazima pikipiki akabaki anaangalia. "Hii inapandika?" akauliza. Haikuwa njia yetu, lakini tuliipanda hivyohivyo hadi Lushoto, kona baada ya kona, huku mawingu yapo chini yetu na yeye anaimba kwa sauti mbaya. Nilimfinya ubavuni aangalie mbele. Tukalala huko, baridi ikatupiga hadi tukavaa kila kitu tulichobeba, na asubuhi tukateremka.

Kwenye mteremko huo tukapata pancha. Kabla hajaligusa gurudumu, mume wangu akaingia porini, akavunja matawi akayatandaza barabarani, mengine juu ya kona na mengine chini yake, ili mwenye gari ajue mbele kuna kitu kimesimama. Madereva wa malori pale bandarini ndio waliomfunza hivyo, na somo hilo alilishika kuliko sala. "Kwanza majani," alikuwa anasema, "ndiyo ufundi baadaye." Nikamwambia pikipiki yenyewe tumeisukuma pembeni, nani ataigonga. Hakunisikia. Alipomaliza kuziba akaenda kuyaondoa yote, moja moja.

Tukapita Same, milima ya Upare mkono wa kulia, mbuzi wanakatiza barabara wanavyotaka. Tulipoacha lami na kuanza kupanda mlima wetu, mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu umelainika. Mpango wetu ulikuwa kupita moja kwa moja hadi kwa shangazi, dada yake baba, atusaidie kumtoa mama hadi uani nimwone. Lakini nilipoiona migomba ya kwetu sikuweza kujizuia. Nikamgonga mume wangu begani, nikanyoosha mkono. "Kona ile pale, yenye mfereji, ndiyo mwanzo wa kwetu."

Ningenyamaza tungefika salama. Yeye akageuza kichwa, akauliza, "Wapi?"

Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji unaopeleka maji mashambani. Pikipiki ikasimama, sisi tukaendelea. Yeye akaangukia kwenye mibuni, mimi nikaangukia mferejini kwa makalio, maji ya baridi yakaniingia hadi shingoni. Nikabaki nimelala humo nikisubiri kusikia ni wapi panauma.

"Mke wangu, uko hai?"

"Niko hai. Na wewe ni mjinga."

"Basi uko mzima," akasema.

Alitoka kwenye mibuni damu inamtiririka usoni, amepasuka juu ya jicho. Mimi mguu ulikuwa umeteguka, sikuweza kusimama. Akanibeba, akaniketisha kwenye nyasi, akanishika mikono, miguu, kichwa. Nilipoona vidole vyake vyote vinafanya kazi na macho yote mawili yananiangalia, nikalia kwa raha. Tulikuwa wazima. Pikipiki ilikuwa imelala katikati ya kona, usukani umepinda, petroli inadondoka, na huko juu ikasikika ngurumo ya lori.

Mnajua alichofanya. Kwanza majani.

Akatazama huku na huku, akaona safu ya miti myembamba iliyonyooka, majani yake marefu mazuri, rahisi kuvunjika. Mpaka wa kihamba cha baba yangu. Nilifungua mdomo kumzuia, lakini pumzi ilikuwa haijarudi vizuri, na yeye alishaanza, paa, paa, paa, anavunja masale ya mababu zangu na kujaza kifuani kama mtu anayebeba kuni. Kuyavunja hovyo peke yake ni kesi. Nikasema moyoni, basi, sasa ndiyo tumekwisha kabisa.

Majirani walikuwa wameshasikia kishindo, wanakuja mbio kutoka pande zote. Na kutoka kwenye migomba, panga mkononi, akatokea baba.

Mume wangu alikuwa hajawahi kusimama karibu naye. Alimjua kwa mbali tu, kwa mgongo, dukani, na pale na damu ile jichoni hakumtambua. Aliona mzee mwenye miguu mizima wakati lori linakuja. Akamwendea moja kwa moja na mzigo wake, akainama kidogo kama wanavyofanya watu wa kwao wakimpa kitu mkubwa.

"Shikamoo mzee. Samahani sana. Naomba unipokee haya."

Shangazi yangu, aliyekuwa amefika anahema, akajishika mdomo. Baba aliyatazama yale majani. Akanitazama mimi kwenye nyasi, nimelowa, nimevaa suruali ya mwanaume, kamasi zinanitoka. Hakunipa mgongo.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Hata mtu aliyeua huleta jani moja. Wewe umeniletea mzigo mzima. Kuna jingine ulilofanya ambalo sijalisikia?"

"Moja halitoshi, mzee," mume wangu akajibu kwa haraka. "Inatakiwa juu na chini."

Baba akachomoa jani moja katikati ya mzigo, akalitia kwenye mfuko wa koti. "Nimepokea," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Haya mengine wahi nayo juu ya kona."

Shangazi akapiga kigelegele. Mume wangu akakimbia kupanda juu, akidhani wanakijiji wale wanafurahia usalama barabarani. Lori lilisimama vizuri, dereva akashuka akasaidia kuinua pikipiki, na mimi nikaingizwa uani kwetu nimebebwa na baba yangu upande mmoja na dereva nisiyemjua upande wa pili. Mama alikuwa ameketi mlangoni na mguu wake juu ya kigoda. Tulikaa hapo sote wawili tumenyoosha miguu mibovu, tunacheka na kulia, na hakuna aliyetaka kutuachanisha hadi giza linaingia. Sijawahi kupumua vile. Krismasi ile mbuzi alichinjwa, baba akampa mume wangu nyama yake kwa mkono wake, na mume wangu akaniuliza kwa kunong'ona ni nini alichofanya hadi anapendwa namna hii. Nikamwambia kula.

Mimi mwenye mdomo huu, nilinyamaza. Kila nikitaka kusema ukweli namwangalia mama, nanyamaza tena. Lakini kulikuwa na mwiba. Baba amesamehe kwa kitu ambacho hakikuwepo. Siku akijua kwamba mkwe wake alikuwa anazuia lori tu, itakuwaje?

Tulirudi Dar kwa basi, pikipiki juu ya paa. Wiki moja baadaye, mchana, mlango wangu ukabishwa hodi. Baba. Mkungu wa ndizi begani, wa kutoka sokoni, maana wa nyumbani ulishakwisha. Alikuwa hajawahi kuingia chumbani kwangu. Akakaa kwenye kiti chetu kimoja, akauliza kama mshono wa mume wangu umepona, akasifu chai. Nilivumilia hadi kikombe cha pili.

"Baba," nikasema, "yale masale. Hakujua maana yake. Alikuwa anaweka alama barabarani. Sikuwahi kumwambia."

Akanywa chai yake. Akaweka kikombe chini.

"Na mimi nimepanda malori ya barabara ile tangu hujazaliwa," akasema. "Unadhani sijui majani ya barabarani?"

Nikaweka birika chini.

"Nilikuwa mgombani tangu mlipoanguka. Nimeona yote. Sikuweza hata kupiga hatua. Nikasikia unamwita mumeo mjinga, nikajua u mzima, nikamshukuru Mungu palepale nilipo. Halafu nikamwona anaingia kwenye masale yangu. Ningeweza kumkemea." Akatazama mlangoni. "Nikatoka haraka nisimame mbele yake, kabla hajayaweka chini."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu wewe usingeleta. Nakujua. Ningengoja lako ningekufa nalingoja."

Nikainama kumimina chai ili asinione uso. Nilimwagia meza. Yeye akachukua kitambaa akafuta mwenyewe, polepole, pembe zote, akasema sukari imeingia duka la kule mtaani na watu wameshaanza kujipanga.

Tulitoka pamoja. Foleni ilikuwa ndefu. Baba akasimama, mimi nikasimama nyuma yake, na baada ya muda akakumbuka kwamba ameacha duka wazi.

"Nishikie nafasi," akaniambia, akaenda.