Gitaa la Mume Wangu Linakosea, Lawama Zinaniangukia Mimi

Admin, nifichie jina langu na la bendi pia, maana Bariadi ni ndogo hii, ukipiga chafya sokoni unaombewa afya stendi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja ambaye bado ananyonya. Kazi yangu ni kuimba. Mume wangu anapiga gitaa kavu, na mdogo wake, nimwite Masanja, anapiga ngoma na kayamba. Ndiyo bendi nzima hiyo. Hatuna kinanda wala maspika ya kutikisa mabati. Tunapiga kwenye harusi, send-off, na Jumapili mchana kwenye bustani moja ya nyama choma hapa mjini.

Shida yangu ni kwamba mume wangu masikio yanakufa na hataki kusikia habari hiyo. Msimu wa pamba huwa anafanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kuchambua, kule ambako watu wanaongea kwa mikono kwa sababu ya kelele. Ameifanya kazi hiyo tangu hajanioa. Nilianza kuona simu inaita mfukoni mwake na yeye katulia tu. Mtoto analia nyuma yake, yeye anakula ugali wake kwa raha. Nikajisemea wanaume ndivyo walivyo, mtoto akilia ni wa mama yake. Kumbe!

Baadaye ikafika zamu ya gitaa. Zile nyuzi nyembamba akawa anazikaza mpaka zinapiga kelele, halafu anatikisa kichwa kuridhika kwamba sasa zimekaa. Na gitaa lile haliguswi na mtu mwingine. Ameachiwa na marehemu baba yake, ambaye alikuwa ningi, yaani kiongozi wa nyimbo kwenye ngoma zetu za Kisukuma, mtu wa kushindanishwa na vikundi vingine mpaka watu wanahama upande mmoja kwenda mwingine. Mwana wa ningi huwezi kumwambia gitaa lako limekosea. Utaanzia wapi?

Sasa mimi kwa ujinga wangu nikalifuata gitaa. Likipanda napanda nalo, likienda kombo nami naenda kombo. Niliona nikishika sauti sawasawa, aibu itamwangukia yeye mbele za watu, basi bora tukosee pamoja, watadhani ndiyo mtindo wetu. Mke mwema, si ndiyo mlitufundisha?

Siku moja tukaitwa harusi Lagangabilili. Kulikuwa na kwaya yenye kinanda, na yule kijana wa kinanda, kwa nia njema kabisa, akaona aingie kwenye wimbo wetu atusindikize. Yesu wangu! Kinanda kiko huku, sisi tuko kule. Watu wakaanza kutazamana, bibi harusi akainama akicheka. Na mwenye kosa ni nani machoni pa watu? Si mwimbaji! Mume wangu akanigeukia mbele ya ukumbi mzima akasema, "Mama Neema, shika sauti! Umekuwaje?" Nilitabasamu nikaendelea kuimba, ila machozi nilikuwa nayameza.

Tangu hapo nimekuwa mgonjwa wa nyumba. Mama mkwe anasema uzazi ndio umeniharibu, mtoto katoka na sauti yangu. Kila asubuhi ananiletea kikombe cha mizizi chungu, anasimama mlangoni mpaka nimalize. "Kunywa, mayu," yaani mama, "sauti itarudi." Nakunywa dawa ya ugonjwa ambao uko kwenye masikio ya mwanawe! Kuna saa natamani kucheka, ila nacheka nikilia.

Msiseme sijajaribu. Nilimwambia kwa upole, "Baba Neema, twende hospitali wakakuangalie masikio." Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Akasema, "Wewe sauti imekwisha, sasa unataka tuwe viwete wawili?" Nikamfuata Masanja, maana yeye ni damu yake na anasikia kila kitu. Akakuna kichwa. "Shemeji, mimi najua muda mrefu. Lakini kaka bila gitaa ni nani? Mwambie wewe, wewe ndiye unayelala naye." Nami nikamwambia wewe ndiye uliyezaliwa naye. Tukabaki tunatazamana kama mbuzi wa watu wawili kwenye kamba moja.

Wiki hii mume wangu kaleta binti wa kwaya kutoka Kasoli ashike nafasi yangu. Hajaniambia kwa ubaya, jamani, ndiyo inayoniuma. Kanishika bega akasema, "Pumzika kwanza, ukipona utarudi." Wakakaa uani kufanya mazoezi, mimi nachambua mchele. Binti ana sauti safi, Mungu kambariki. Lakini kila akishika noti, mume wangu anasimamisha wimbo. "Hapana, unakosea. Sikiliza gitaa." Anarudia, anasimamishwa tena. Mwishowe akaja kwangu kuomba maji, machozi yanamlengalenga, akaninong'oneza, "Dada, hivi ni mimi au ni lile gitaa?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, nawaapia. Nikamtazama mume wangu pale kwenye kigoda, kalilaza shavu juu ya gitaa la baba yake, anatafuta sauti ambayo haipati. Nikamwambia yule mtoto wa watu, "Lifuate tu, mdogo wangu. Utazoea."

Akarudi akalifuata. Mume wangu akafurahi, akaniita kwa nguvu, "Mama Neema, umesikia? Huyu ndiye anajua kuimba!"

Jamani mnaosoma hapa, nikisema ukweli namvunja mume wangu, nikinyamaza nimeshamzika yule binti palepale nilipozikwa mimi. Kikombe cha mizizi kiko hapa mbele yangu, mama mkwe kasimama mlangoni. Niambieni, ninywe tena, au nifungue mdomo?