Sauti ya Mkufunzi Esteria

Esteria Shemhilu alikuwa amefundisha darasani miaka ishirini na sita pale chuo chao cha ualimu kilipoanzisha kozi ya mtandaoni kwa walimu wa chekechea walioko kazini. Akapewa wanafunzi ishirini na tisa, waliotawanyika kuanzia Mtae hadi Handeni. Aliwaandikia maelekezo marefu, akasahihisha kazi zao usiku na mchana, na bado kundi la simu lilikuwa kimya kama kaburi.

Aliyemtia wasiwasi zaidi ni Zakia, mwalimu kijana wa Mtae. Mwanzoni aliuliza maswali kila siku, kisha akapotea wiki tatu. Siku moja baada ya chai ya saa nne Esteria akampigia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kimya hivyo?"

"Nilijua nimeshafukuzwa," Zakia alisema.

"Amekufukuza nani?"

"Uliniandikia, 'Kazi haikubaliki. Rudia.' Nikaona nisijiaibishe tena."

Darasani Esteria angesema hayo hayo huku akitabasamu, akivuta kiti na kuketi karibu. Kwenye simu, tabasamu halikufika Mtae. Alimwomba radhi, akamweleza sehemu ya kurekebisha, kisha akakaa akisoma ujumbe wake wote wa muhula ule. Ulisomeka kama hukumu za mahakamani.

Kuanzia wiki ile akabadilika. Kila jibu alilianza kwa jina la mtu, akataja kilichofanyika vizuri, ndipo akaonyesha kosa na namna ya kulitengeneza. Maelekezo marefu akayageuza ujumbe wa sauti wa dakika mbili, ambao haumalizi bando na mtu anaweza kuurudia huku akipalilia maharage. Aliwaahidi majibu kila Alhamisi, na Alhamisi haikumpita. Aliyenyamaza wiki nzima alipigiwa simu. Simu ikipokelewa na wazazi Wasambaa, aliwasalimia kwa Kishambaa kwanza, ndipo wakamwita binti yao.

Mkuu wa chuo, Valentino, hakupendezwa. "Mama Shemhilu, hawa ni watu wazima. Mkufunzi hawakimbilii wanafunzi."

"Mkuu, siwakimbilii. Nataka tu wanielewe ninaposema."

Esteria hakubishana zaidi. Aliendelea.

Kundi lilianza kuchangamka. Siku moja Zakia alituma video ya watoto wake wakipanga mbegu za maharage kwa rangi, zoezi alilolipata kwenye kozi, na wenzake wakamwandama kwa maswali. Esteria aliwaacha wajibizane, hakuingilia hata neno.

Kozi ilipofungwa, ishirini na saba walikuwa wamefaulu. Kwenye mahafali, msichana mrefu mwenye joho alimjia, akapiga goti, akasema shikamoo. Hawakuwahi kuonana, lakini sauti ile Esteria aliijua, akaitikia, "Marahaba, Zakia," na wote wawili wakafuta macho.

Valentino aliwasubiri wamalizane. "Mama, mwezi ujao wakufunzi wote wataanza kufundisha mtandaoni. Naomba uwaandae wewe."

Jioni Esteria alimkuta mumewe nyumbani, Kornelio, akichagua mapeasi ya kupeleka sokoni. Akamweleza.

"Yaani utawafundisha wakufunzi wenzako?" Kornelio aliuliza, peasi mkononi.

"Ndiyo, mimi," alisema Esteria, akaketi kwenye ngazi bila hata kuvua viatu vya mahafali. "Hata mwenyewe siamini. Hebu niulize tena, nijibu vizuri."