Nusu ya Masharubu ya Fundi Nanjappa

Nina miaka ishirini na miwili ya ukinyozi hapa mjini Maisuru, India, mkabala na gereji ya fundi Nanjappa, na muda wote huo sikuwahi kuyagusa masharubu yake. Anayatunza mwenyewe kwa mafuta ya nazi. Iliniuma, sitaficha.

Nanjappa hutambua ugonjwa wa injini kwa sikio. Asubuhi moja Mwalimu Siddappa, mstaafu, akamletea pikipiki yake, Jawa ya mwaka sitini na nane. Ilikuwa inagonga: ko, ko, ko.

"Pini ya pistoni imelegea," Nanjappa akasema, gilasi ya kahawa ingali mkononi.

"Una hakika, kaka? Injini hii haijafunguliwa tangu nioe."

"Mwalimu, kama si pini, nanyoa nusu ya masharubu yangu."

Mtaa mzima ulisikia. Nikaanza kunoa wembe.

Akatoa eksozi na kabureta, akalegeza nati za silinda hedi, kile kifuniko cha juu, kidogo kidogo, moja huku, moja kule, ili hedi isipinde. Akaivua, akavuta silinda taratibu, akaziba uwazi wa chini kwa kitambaa safi. Pistoni ikabaki imesimama peke yake. Akaitikisa, haikucheza. Akachomoa pini, akaitazama juani: laini, haina hata mkwaruzo. Ringi nazo nzima.

"Vipi, fundi?" nikamwuliza kwa upole ambao moyoni sikuwa nao.

"Nyoa watu wako, Rangappa."

Akakwangua masizi, akarudisha kila kitu kwa gasketi mpya. Saa saba mchana, Mwalimu ameenda kula na mtaa mtupu, Nanjappa akapiga kiki. Ko, ko, ko.

Nilimwona kupitia kioo changu. Aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma, akaufuata mlio hadi kwenye kisanduku cha spana ubavuni mwa pikipiki. Humo mlikuwa na ndimu iliyokauka, ngumu kama kokoto. Gauramma, mke wa Mwalimu, ndiye aliyeiweka mwaka jana siku ya kuombea zana baraka, kama tufanyavyo sote, kisha akaisahau.

Mtaro ulikuwa hatua mbili tu. Angeitupa, nani angejua? Nikainamisha macho nisimwone. Nilipoyainua, alikuwa mlangoni kwangu na ndimu mkononi.

"Haikuwa pini," akasema, akaketi. "Kushoto au kulia, chagua wewe."

Siku niliyoingoja miaka yote hiyo, nikaunoa wembe tena, ingawa ulikuwa mkali tayari. Nikanyoa kushoto. Mwalimu akaingia, akaiona ile ndimu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaketi kwenye kiti cha pili, akayashika masharubu yake meupe.

"Ndimu imetoka kwangu," akasema. "Na mimi kushoto."

"Mama Gauramma atasemaje?" nikamwuliza.

"Atasema nini, na ndimu ni yake?"

Wakapanda Jawa wote wawili, wakapita sokoni. Injini haikugonga hata mara moja. Kelele zote zilikuwa za watu.