Bluu ya Sabuni

Baridi ikiingia Birmingham watu hununa. Mimi nasugua mikono. Nje hapachoreki tena, vidole vinakufa ganzi, basi nakusanya vibao vidogo nilivyochorea nje wakati wa joto, najifungia studio kule Hockley, navigeuza kuwa picha kubwa. Hiyo ndiyo sikukuu yangu!

Baridi ile nilikuwa mbioni. Shoga yangu Mkenya, nesi, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, na aliniomba kitu kimoja tu: picha ya bustani ya Perry Barr, pale alipokuwa ananikuta nachora akitoka kazini, tunakula pamoja ndipo anakwenda kulala. Nilitaka aione aseme, ni pale pale.

Sasa, mimi nikiwa nje huandika rangi nyuma ya kibao kwa penseli, tena kwa vitu vya nyumbani, maana majina ya rangi za dukani hayanikai kichwani. Kibao kile kilisema: nyasi, kisamvu kilichoiva, kabla ya nazi. Njia, uji wa ulezi. Anga, maji ya kuoshea mchele. Mwisho kabisa: bluu ya sabuni ya kufulia.

Kisamvu nilikipika kweli, mle mle studio! Nikakiweka kando ya kanvasi, nikachanganya kijani hadi vikalingana, nikajipigia kigelegele. Njia ikakubali, anga likakubali. Lakini bluu ya nini, na anga lilikuwa jeupe? Kwenye kibao niliona kidoa tu njiani. Nikasema aah, brashi ilidondoka, na hiyo sabuni nilikuwa najikumbusha kununua. Nikaiacha.

Ijumaa, kesho yake anasafiri, akaja kuichukua.

"Ai! Ni pale pale!" Akapiga makofi, nami nikaruka kwa furaha. Kisha akasogea, akaifuata njia kwa kidole. "Na mimi niko wapi?"

"Wewe?"

"Si ulinichora? Nilikuwa natoka shifti, ukaniambia nisimame hapo njiani, na miguu inaniuma! Kwa ile ndogo niko."

Akafungua koti. Ndani sare yake, bluu ile ile ya mche wa sabuni.

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyasi nimezipikia kisamvu, mwenye picha nimemwacha nje.

"Simama hapo hapo," nikasema, nakamua bluu.

"Tena?" Akacheka, lakini akasimama.

Nilimchora kwa raha. Ila rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Nyasi zilikuwa zimeshakauka, anga limekauka. Yeye ndiye aliyekuwa mbichi, hashikiki, hasafirishiki. Kesho yake akaondoka na kile kibao kidogo kwenye begi. Kubwa imebaki kwangu, na kila asubuhi nikifungua studio namkuta njiani, anatoka kazini, anakuja tule.