Nyama ya Lori

Kule Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda pale Jinja, Umaru Bogere alibandikwa jina la Bwana Vyoo hata kabla hajamaliza mwaka wa kwanza wa chuo. Akirudi likizo kutoka Mbale alikuwa hatulii. Mara anachungulia mtungi, mara anauliza maji yamechemshwa lini, mara anafunua vyungu vya watu bila haya. Mama yake, Nangobi, alijifanya kuudhika, lakini kila aliyepita mlangoni alisimuliwa kwamba mtoto anasomea afya ya jamii, na akimaliza atakuwa bwana afya wa serikali. Baba alikuwa amekohoa kiwandani mpaka kifua kikuu kikamuua. Umaru alikuwa na deni na ugonjwa huo, na alikuwa hataki kusikia mzaha juu yake.

Mwaka wake wa mwisho uliangukia kipindi kibaya. Wanajeshi walikuwa wameshika kila kitu, sabuni haionekani, na walimu walikuwa wakitoweka mmoja mmoja, wengine kwa miguu yao, wengine hawakuulizwa. Aliyebaki kufundisha ukaguzi wa nyama ni mwalimu Cleophas Otiende, Mkenya, aliyekaa mtaa wa Malukhu pale Mbale na mkewe Beldina. Ndugu zao walikuwa wakiwasihi warudi kwao. Otiende alisema hawezi kuacha darasa katikati ya mtihani, na Beldina akaendelea kuwapikia wanafunzi kila Jumapili, kana kwamba mambo ni shwari.

Mtihani wenyewe ulifanyiwa machinjioni. Otiende alikuwa na desturi yake: siku hiyo huficha majina ya wenye ng'ombe, mwanafunzi asije akampendelea mtu wala kumwogopa. Ingekuwa desturi nzuri katika nchi nyingine. Pale Mbale wachinjaji wote walijua kwamba ng'ombe walioletwa na lori la kambi ya jeshi hawakatwi mapafu. Wanagongwa muhuri wa zambarau, ule wa nyama safi, na kupelekwa bucha, basi. Umaru hakujua. Nani angemwambia?

Alipopasua mapafu ya fahali wake alikuta vinundu vya njano vimejaa, na tezi zikatoa usaha mzito. Kifua kikuu, hakuna ubishi. Hapo alitakiwa amwite mwalimu kwanza, lakini kijana alipandwa na moto. Aliikatakata nyama yote, akaimwagia dizeli kama vitabu vinavyosema, isiliwe na mtu tena. Ndipo akaita. Otiende alikuja, akatazama. Kisha akasema amefanya sawasawa, ila sauti yake haikuwa na furaha. Kama angeitwa mapema angejua la kufanya, maana hata yeye alikuwa na watoto.

Hawakumaliza kuchimba shimo la kuzikia nyama ile. Askari wawili waliingia, mmoja ameshika bunduki kivivu tu, na yule mwingine akauliza, "Nani iko kataa nyama ya afande?"

Wachinjaji wakainamisha vichwa. Umaru alikuwa bado na dumu la dizeli mkononi, mikono inanuka.

"Ni mimi," Otiende alisema. "Hawa ni wanafunzi tu, afande. Mwanafunzi hana ruhusa ya kukataa nyama."

Walimwambia avue koti lake jeupe, akalivua na kulikunja vizuri, wakatoka naye. Umaru alijiambia atasema ukweli gari likiwashwa, na gari likawashwa, likaondoka.

Beldina na wanafunzi waliulizia kituo cha polisi, wakafukuzwa. Chuo kilileta mtu mwingine wa kumalizia mtihani, mtu mpole mwenye macho mekundu, aliyeonekana halali vizuri. Alimsimamisha Umaru mbele ya ng'ombe wa lori, na mmoja wa askari wale wale akiwa mlangoni anatafuna muwa. Akamwuliza ameona nini. Umaru alikuwa ameshika pafu lenye vinundu vile vile. Alimfikiria mama yake na majirani wote waliosimuliwa, akawafikiria na watu watakaokula. Kisha akajibu kwamba haoni kitu. Yule bwana akashusha pumzi, akamsogezea muhuri.

Akafaulu. Nangobi aliposikia alipiga vigelegele mpaka Walukuba nzima ikajua. Serikali ikampa Umaru kazi palepale machinjioni Mbale, na kila asubuhi akawa anagonga zambarau yake bila kupasua kitu. Kukohoa kwa watu sokoni alikusikia vizuri sana. Alichofanya ni kuacha kula nyama.

Beldina alikuwa bado Malukhu. Alikataa kuvuka mpaka, akisema mumewe akirudi akute nyumba imefungwa atadhani wamemtupa. Umaru alimkwepa kwa miezi, mpaka siku moja walipokutana uso kwa uso kwenye bucha. Asubuhi ile walikuwa wamechinja ng'ombe wa lori peke yao.

Beldina hakumlaumu. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema amekonda, akauliza hali ya mama kule Jinja. Kisha akamwonyesha paja lililoning'inia lenye muhuri.

"Hii umeipima wewe, mwanangu?"

Mwenye bucha aliacha kunoa kisu, akamtazama Umaru.

"Nimeipima, mama. Ni nzuri."

"Basi sina wasiwasi. Mwalimu alikuwa anasema darasa zima wewe ndiye mwenye jicho."

Akanunua. Alipokuwa akifungiwa nyama kwenye jani la mgomba alieleza kwamba nusu atawapikia watoto jioni, na nusu ataikausha juu ya moshi amwekee mwalimu, maana huko aliko hawamlishi vizuri. Umaru akamshikia mzigo mpaka akatoka mlangoni.